Upande wa Kushoto wa Kuruthumu

Katonga nzima, kuanzia wapakua dagaa hadi wauza maandazi, haijawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa hili: Kuruthumu binti Kassimu wa Ujiji alikuwa na kiburi. Kiburi chake, walisema wanawake wa pale mwaloni dagaa wanakoshushwa, kingeweza kupakiwa melini kikavushwa hadi Kalemie, Wakongo wakagawana kila nyumba fungu lake, na kingine kikabaki cha kuanika juu ya chanja.

"Anakupita hivi," mmoja alionyesha, shingo kaikaza kama mlingoti. "Hakuoni! Wewe na gunia la chumvi ni mamoja."

"Afadhali gunia. Juzi kaligonga, akaliomba radhi."

Wakacheka mpaka mapipa yakatikisika.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Hadija. Mama huyu aliuza tangawizi ya moto mlangoni mwa mwalo, mkono wa kushoto ukitokea Ujiji, na mwili wake haukuwa wa kupitwa bila kuonekana. Akipiga chafya, husemwa, wanawake wa ng'ambo ya ziwa hukimbilia kuanua nguo wakidhani ni radi. Kumpita mama kama huyo bila shikamoo ni tusi kwa yeyote. Kumpita ilhali umeposwa na mwanawe wa pekee, Ashraf, fundi wa taa za dagaa, ni tusi ambalo hata shetani angeomba ruhusa kwanza.

Basi Alhamisi mshenga akatumwa Ujiji na maneno mafupi. "Mwambieni mzee Kassimu, posa yetu tunaiondoa. Sikumtafutia mwanangu mke wa kuamkiwa na mama mkwe."

Ijumaa asubuhi Kuruthumu alikuwa kwenye chanja zake pale Katonga kama kawaida, akigeuza dagaa kwa viganja vyote viwili. Dagaa hawajui kama mtu kaachwa. Wasipogeuzwa wanaoza tu. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondokea samaki, naye akawaza kwamba leo hahitaji chumvi.

"Kuru."

Sauti ile aliijua. Aliijua hata ikiwa katikati ya injini za maboti. Akainua uso, akamkuta Ashraf amesimama mbele yake, macho mekundu kama ya mtu aliyelala na moshi.

"Usiniite Kuru. Mama yako kanirudisha kama shati lisilomtosha mtoto."

"Kwani ungepungukiwa nini? Neno moja tu. Shikamoo. Hata kasuku hulisema!"

"Sijamwona mama yako, Ashraf."

"Hukumwona? Mama yangu mimi? Mama yangu ukimweka mlimani Kalinzi anaonekana kutoka mtumbwini!"

"Wallahi sijamwona."

"Jana ulipopita ukingo wa kanga yako ulimgusa goti. Goti, Kuru! Akakutazama usoni, ukaendelea na safari kama malkia."

Kuruthumu akasita. Kumbukumbu ikamjia, nusu tu. "Nilisikia harufu ya tangawizi," akasema polepole. "Nikadhani inatoka mbali."

"Unaona sasa? Unanifanya mjinga." Ashraf akaanza kuzunguka chanja, mikono kichwani. "Mimi nilikutetea. Mama alisema yule anajisikia kwa vile ni wa Ujiji, babu zake walikuwa na majumba ya ghorofa wakati babu zetu wanavuka na makasia. Nikamwambia hapana mama, Kuruthumu si wa hivyo. Unajua nilikupendea nini? Macho. Wasichana wengine unaongea nao macho yanaruka huku na kule kama nzige. Wewe ukinitazama, unanitazama mimi. Hutazami kingine. Nikasema huyu ndiye. Kumbe ndivyo unavyotazama watu wote, unawakata pembeni unawatupa!"

"Maneno gani hayo, Ashraf?"

"Ya kweli. Chukua kanga yako, imeanguka."

Kuruthumu akanyoosha mkono mbele. Hakupata kitu. "Nipe basi."

"Nimekupa. Chukua."

"Uko wapi?"

"Niko wapi? Niko hapa!"

Akageuza kichwa, lakini si vya kutosha. Uso wake ukaishia kwenye nguzo ya chanja, ukaitazama nguzo ile kwa upole, kama vile nguzo ndiyo iliyoulizwa. Ashraf alikuwa hatua moja kutoka bega lake la kushoto, kanga imening'inia kwenye mkono aliounyoosha.

Hasira zikamtoka Ashraf kama upepo unavyotoka kwenye tairi. Akaanza kuusogeza ule mkono taratibu kuelekea mbele. Hakusema neno. Kanga ikapita karibu na shavu. Ikapita usawa wa sikio. Ilipofika karibu kabisa na pua ndipo Kuruthumu akashtuka, akaruka nyuma.

"Unanitisha! Umetokea wapi?"

Ashraf alitengeneza taa tangu hajaota ndevu. Kila taa ya dagaa huvishwa kofia ya bati, mwanga usitawanyike pembeni, uende chini tu kwenye maji, samaki waufuate. Ukikaa kwenye boti huioni sura ya mwenzako aliye kando yako, ila lile duara la maji linalong'aa kama sahani. Alimtazama mchumba wake, yule aliyeachwa jana.

"Kuru. Macho yako yamevishwa kofia."

"Macho yangu mazima! Feliksi wa miwani alinipima, nikasoma herufi zote mpaka za chini kabisa. Akasema mimi naweza kumhesabia mbu meno."

"Na hiyo michubuko miguuni?"

"Watu wanaacha ndoo njiani."

"Watu wote?"

Kuruthumu akashika ukingo wa chanja. "Mbona taa za ziwani naziona? Kila magharibi nikimwekea baba mkeka barazani naziangalia. Zimepungua tu, kwa sababu wavuvi siku hizi wamepungua."

"Nani kakwambia wamepungua?"

"Si naona mwenyewe? Zamani ziwa lilikuwa kama mji. Sasa ni taa moja moja."

"Kuru, mwaka huu nimetengeneza taa nyingi kuliko mwaka wowote tangu nianze kazi."

Mashine ya boti ikakohoa huko majini, ikazimika. Kuruthumu alisimama na dagaa mkononi. Alikuwa akimwona baba yake enzi zile, kabla ya giza, fimbo na mkeka: mzee Kassimu akigonga bega kwenye mwimo wa mlango wake mwenyewe, akimlaani seremala aliyeuhamisha.

*

Feliksi wa Kidahwe alipanga miwani yake juu ya ubao karibu na stesheni, na kusema haki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa muuzaji.

"Bwana Ashraf, anayeshindwa herufi namuuzia kioo. Yule dada alizisoma zote. Ningemuuzia nini, upepo?"

"Lakini ulimwambia macho mazima."

"Nilimwambia miwani haihitaji. Hayo mazima mmejaza wenyewe." Kisha akashusha sauti. "Nenda kliniki ya macho, muulize nesi Stephania. Mimi najua kinachokaa juu ya pua. Cha nyuma ya hapo sikijui."

Stephania naye akamweleza kuwa hapo kliniki kila siku yupo mpimaji, anayejua kusema mtu avae miwani gani na nani apelekwe mbele. Lakini wa kuliingia jicho lenyewe, kulitazama mpaka nyuma kabisa, kulitibu na hata kulipasua, ni daktari bingwa wa macho, na kwa mkoa ule huja kwa ziara. "Mna bahati. Atakuwa hapa Jumatatu. Njooni mapema, watu watatoka mpaka Kasulu. Na huyo baba yake asiyeona, aje pia."

"Baba yake ana mtoto wa jicho. Anasubiri akomae."

"Aje pia," Stephania akarudia.

Mzee Kassimu hakuhitaji kubembelezwa. Alioga, akavaa kanzu ya Idi, akajipaka mafuta ya nazi kichwani. Siku alipoanza kupoteza nuru, mganga mmoja wa kupita alimwambia huyo ni mtoto wa jicho, bado mchanga, asimguse mpaka akomae. Na kila aliyepita barazani pake alilirudia neno hilo, mpaka likawa kama aya. Mzee akakaa akisubiri. Alisubiri kwa furaha, akiwasimulia watoto wa mtaa jinsi alivyowahi kuvua sangala mkubwa hivi kwamba walipompasua walikuta ndani mvuvi, hai, anavuta sigara.

"Leo anatoka huyu mtoto," alimwambia Ashraf njiani, mkono wake begani kwa kijana. "Nikishaona, mtu wa kwanza kumtazama ni mama yako. Nisikie mwenyewe kwa macho yangu kama kweli ni mkubwa vile."

Ashraf akacheka kwa adabu. Kuruthumu, aliyekuwa mbele, hakucheka.

*

Kliniki, kwanza walimsomesha Kuruthumu herufi, akazisoma zote, akapata tumaini. Kisha wakamtia matone ya kuchoma, wakamwekesha kidevu kwenye chuma, mwanga ukamwingia jichoni kama sindano. Halafu Stephania akampeleka kwenye chumba cha giza, penye kitu kama bakuli kubwa jeupe, akamziba jicho moja.

"Tazama hiyo nukta ya katikati. Usiiache. Taa ndogo zitawaka hapa na pale. Ukiiona taa, bonyeza hiki. Basi."

Kuruthumu akatazama. Taa ikawaka, akabonyeza. Nyingine, akabonyeza. Halafu kimya. Akasubiri. Akadhani mashine imepumzika. Baada ya muda taa moja hafifu, karibu na nukta, akabonyeza upesi. Kimya tena, kirefu, na mashine ikiendelea kunguruma taratibu, tik, tik, tik, kama inafanya kazi na mtu mwingine.

Alipotoka alijaribu kutania. "Dada, mashine yenu imeungua balbu? Taa zenyewe moja moja."

Stephania akamshika mkono tu, akambana vidole, na ule mbano ndio uliomwambia. Ziwa lilikuwa limejaa taa siku zote. Kila magharibi, mji mzima ulikuwa ukiwaka mbele yake juu ya maji, naye amekaa gizani anawahurumia wavuvi.

Daktari Elida alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimwamkia mzee kwa Kiha, "Mwakeye," akamtazama jicho hili, akamtazama lile, akarudi kwa hili, akitumia muda mrefu mno kwa mtu aliyekuja na jibu lake mfukoni.

"Haya daktari," mzee Kassimu akasema, "amekomaa?"

"Nani, mzee wangu?"

"Mtoto wa jicho. Nimemlea siku nyingi, angekuwa wa watu wengine angeshapelekwa jando."

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yakakaribiana. "Mzee, mtoto wa jicho ni ukungu unaofunika kioo cha ndani ya jicho. Huyo nampasua asubuhi, ninaweka kioo kipya, na siku chache baadaye mtu anamtambua mkewe. Ndiyo kazi yangu, na nimeifanya kwa wengi. Siku hizi hata hatusubiri akomae. Lakini kioo chako wewe ni kisafi. Mwanga unapita vizuri. Hapa hakuna mtoto wa jicho."

"Hakuna?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa..." Mzee akageuza uso kuelekea sauti, kisha akaugeuza kuelekea mlango, kama anamtafuta mtu wa kumsaidia. "Sasa nimemlea nani?"

Ashraf alitazama sakafu.

"Ni presha ya jicho," daktari akasema. "Ndani ya jicho mna maji, yanaingia na kutoka. Yakishindwa kutoka, yanakandamiza ule mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo unakufa kidogo kidogo, ukianzia pembeni. Hauumi. Mtu hajui. Anadhani mlango umehama, anadhani watu wamepungua. Na mshipa ukishakufa hakuna bingwa wa kuufufua, hapa wala Ulaya. Ningekupata mwanzo ningeuzuia usife. Sikukupata."

"Nilikuwa nimekaa barazani," mzee akasema. "Nilikuwa pale pale tu."

Alipapasa kanzu yake ya Idi, akaifunga kifungo cha juu kilichokwisha kufungwa.

"Na mimi?" Kuruthumu akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Wewe ni damu yake. Hii hurithiwa. Jicho la kushoto limebaki na nuru ndogo sana. La kulia limebaki na dirisha la katikati, ndiyo maana herufi unazisoma. Kilichopotea sikirudishi, binti. Sitakudanganya. Kazi yangu kwako ni kulinda hicho kilichobaki. Nitakupa dawa ya matone. Utatia kila jioni, maisha yako yote, hata siku usipoona tofauti yoyote, maana hutaiona. Ukiacha, dirisha linafungwa. Presha isiposhuka, tutakwenda Mwanza tukufanyie upasuaji wa kuyafungulia maji njia. Na wadogo zako wote waje kupimwa."

"Na watoto?" Kuruthumu akauliza. Hakumtazama Ashraf.

"Watapimwa pia, mapema. Si lazima waipate. Lakini wanaweza."

Nje, chini ya bati la kungojea wagonjwa, Ashraf alimwacha mzee kwenye benchi, akamfuata Kuruthumu hadi penye bomba. Akasimama mbele yake. Alikuwa amejifunza.

"Kwa hiyo ulipokuwa unanitazama vile," akasema, sauti imekauka, "bila kupepesa, bila kutazama kingine..."

"Nilikuwa nakutazama wewe, Ashraf. Wamechukua mengi leo. Hilo usinipokonye na wewe."

Akamshika mkono. Hawakuwa wameshikana mikono hadharani hata siku moja.

"Nitamwambia mama. Nikimweleza ataelewa. Atalia mwenyewe, atamrudisha mshenga leo hii hii."

"Utamwambia nini? Kwamba sina kiburi, nina upofu? Wenye kiburi huolewa, Ashraf. Nina wadogo wawili nyumbani hawajaposwa. Jina la kiburi ni langu peke yangu. Hili lingine ni la nyumba nzima."

"Unataka akuchukie bure?"

Kuruthumu akafikiri, maji ya bomba yakimpita vidoleni. "Sitaki. Lakini nitajisemea mwenyewe. Mimi ndiye ninayedaiwa shikamoo. Wewe uwepo tu."

"Nitakuwepo."

"Niapie."

"Haki ya Mungu, nitakuwepo."

*

Kesho yake aliingia Katonga akitembea kama mtu anayetafuta sindano. Kila hatua aligeuza shingo, kushoto hadi bega, kulia hadi bega. Wanawake wa mwaloni wakapigana viwiko.

"Leo kaja na feni."

Harufu ya tangawizi ikamfikia. Akageuka kuifuata, akasimama, akapiga goti kidogo, macho chini kwa adabu. "Shikamoo, mama."

Bi Hadija alimwona. Alikuwa ameketi na birika lake, na moyo wake bado ulikuwa na donge. Akainuka kimyakimya, na kwa mwili ule ni ajabu alivyoweza, akasogea hatua kadhaa pembeni, akakunja mikono. Alitaka binti amfuate. Alitaka watu waone.

Kuruthumu hakumfuata. Alikuwa amepiga goti mbele ya kigoda kitupu. "Shikamoo, mama," akarudia, kwa sauti ya kubembeleza. "Najua umekasirika. Sikukudharau. Daktari wa macho amenitazama jana. Pembeni kwangu ni giza, mama. Siku zote nilikuwa nakupita sikuoni. Kama ningekuona ningekuamkia toka barabarani. Nisamehe."

Mwanamke mmoja alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha. Birika lilichemka. Kuruthumu aliendelea kukiomba radhi kigoda.

Bi Hadija akaziba mdomo kwa mikono yake. Mama yule mwenye sauti ya kuvuka ziwa, siku hiyo sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto. "Niko huku, mwanangu. Marahaba. Marahaba, marahaba."

Akaja, akamwinua, akampangusa mchanga gotini. Alikuwa analia kweli, wala hakuigiza. Na kwa mkono ule ule uliompangusa akamshika kidevu, akayatazama yale macho mazuri yaliyomtazama bila kupepesa.

"Na mzee Kassimu, ni hayo hayo?"

"Ni hayo hayo, mama."

"Yanarithiwa?"

Kuruthumu angeweza kudanganya. "Yanarithiwa."

Bi Hadija akashusha pumzi. "Nimekusamehe. Kuanzia leo hapa Katonga atakayekusema kiburi nitamwogesha tangawizi ya moto. Umenisikia? Lakini mwanangu ni huyu mmoja. Nina macho ya wajukuu wangu ya kufikiria. Nisamehe na mimi. Hapana, mama. Hapana."

Yalisemwa kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyouma. Kiburi mtu angekijibu.

Kuruthumu akasubiri sauti nyingine. Alikuwa ameapiwa. Akasikia maji yakipiga mbao za maboti, akasikia mtu akikohoa. Akaanza kumtafuta kwa lile dirisha lake dogo, uso kwa uso, taratibu, kuanzia kushoto: muuza maandazi, mpakua dagaa, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mwanamke aliyetazama pembeni kwa aibu. Akafika mwisho, akarudi. Akampata. Ashraf alikuwepo, karibu kabisa na mama yake, kama alivyoahidi.

Alikuwa anatazama mchanga.

*

Jioni ile mzee Kassimu aliomba kile kichupa cha dawa. "Nipe mimi. Wewe mwenyewe utamwaga."

"Baba, utaonaje?"

"Kwani kazi ya kutia inataka macho ya nani? Wewe toa jicho lako, mimi natoa mkono." Siku mbili zile hakuwa amesimulia hata uongo mmoja, na watoto wa mtaa waliokuja barazani walirudi kwao mikono mitupu. "Lala hapa pajani. Tazama juu."

Tone la kwanza likamwangukia shavuni. La pili kwenye nyusi. Mzee akapapasa kwa kidole, akalipata jicho, akalifungua kwa uangalifu wa mtu anayefungua chaza. Tone likaingia.

"Sasa lifumbe. Ubane hapo karibu na pua, alivyosema daktari."

Akafumba. Miguu ikaja kwenye ngazi za baraza, ikasimama.

"Kushoto kwako," mzee akanong'ona. "Ni yule fundi."

Kuruthumu hakugeuka wala kufumbua. "Mwenye neno na mimi aje mbele."

Nyayo zikazunguka mkeka. Alipofumbua, dirisha lake lote lilikuwa limejaa Ashraf, amechuchumaa, uso umevimba.

"Kuru, ulimi ulinifia. Aliposema wajukuu, nikaona kama... sijui. Lakini nakupenda. Nimekuja kukwambia, niko mbele yako hapa. Kila siku nitakaa mbele yako."

Alimtazama sana. Alitazama paji la uso, nyusi, ule mdomo. Aliutazama kama mtu anayeaga mji kutoka sitaha ya meli, kwa kuwa hakujua dirisha lingekaa wazi mpaka lini.

"Hapa ni barazani kwetu, Ashraf. Wanaokuona ni baba na mimi. Wote wawili hatufai kuwa mashahidi." Mzee alitoa kicheko kifupi, cha kwanza tangu Jumatatu. "Mahali pa kusimama mbele yangu palikuwa Katonga, leo asubuhi. Kesho nitakuwa kwenye chanja zangu, alfajiri. Sitageuza shingo kukutafuta. Ukiwepo mbele, nitakuona. Ukiwa pembeni, hupo."

Ashraf akainuka, akatoka nje ya lile dirisha, na ilikuwa kama amezimwa.

Walikaa. Ziwani wavuvi walikuwa wameanza kuwasha taa. Kuruthumu alijua sasa kwamba walikuwa wengi.

"Baba, ameshika njia ya wapi?"

Mzee Kassimu akatega sikio kwa muda mrefu. Bodaboda ilipita. Mbwa alibweka, akanyamaza.

"Amesimama barabarani," akasema. "Hajaamua. Lete na lile jicho jingine."